Injini Iliyoitwa Jeshini

Lori la Ukombozi halikuwaka.

Siku ya Ukombozi ilikuwa imekaribia, na kila mwaka siku hiyo Mlezi wa Taifa hupanda nyuma ya lori hilo, akashika bomba la mbele, akapita polepole mbele ya wananchi akipunga mkono. Ni lori lile lile alilopanda alipoingia mji mkuu kutukomboa kutoka kwa Mlezi aliyetangulia, ambaye naye alikuwa ametukomboa. Bila lori hakuna gwaride. Bila gwaride hakuna Siku. Na bila Siku, alisema Waziri wa Ulinzi na Kumbukumbu redioni, wananchi wanaweza kuamka asubuhi wasijue kwamba wako huru.

Kwa hiyo wakanifuata mimi.

Mtu wa nchi nyingine atauliza kwa nini jeshi zima limfuate fundi wa gereji ya mtaani. Jeshi letu lina mafundi wengi, tena hodari, ila linawatunza mno. Kila mwaka wanapandishwa vyeo, mpaka aliyekuwa akiziba pancha sasa ni kanali, na kwa sheria ya jeshi letu mtu wa cheo cha kapteni na kuendelea haruhusiwi kuonekana na grisi mikononi. Nilipofika karakana ya kambi niliwakuta wamekaa kwenye viti, wamevaa glavu nyeupe, wananitazama. Niliomba spana namba kumi na tisa. Wakaangaliana. Mwishowe mmoja akanyoosha kidole kwenye kabati.

"Ipo mle," alisema. "Naikumbuka kwa sura."

Nikafungua boneti. Konrodi, ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni, ilikuwa imekatika, ikatoboa ubavu wa injini na kutokeza nje kama mtu aliyechoka kukaa ndani. Tundu lilitosha kupitisha ngumi.

"Imekufa," nikasema.

Kanali Matimba, mkuu wa Kikosi cha Magari ya Heshima, alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi," alisema, "huyo ni Brigedia."

Hapo inabidi nieleze. Katika jeshi letu kila mtambo una namba na cheo kama askari mwingine. Ulianza utaratibu huu zamani, wakati vyeo vilipokuwa vingi kuliko watu. Injini ya Lori la Ukombozi ilikuwa imepanda mwaka hadi mwaka mpaka ikawa Brigedia. Giaboksi ni Meja. Usukani ni Sajenti. Honi ilikuwa Koplo, lakini mwaka mmoja ililia katikati ya hotuba ya Mlezi, ikavuliwa cheo na kukatwa waya.

"Brigedia hafi karakanani," alisema Kanali Matimba. "Brigedia anastaafu."

*

Alistaafu Ijumaa.

Tuliitoa kwa chenibloki, ule mnyororo wa kuinulia, mimi na Koplo Ligola, dereva wa lori, maana koplo bado anaruhusiwa kuchafuka. Bendi ikapiga. Injini ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, mafuta yakaanza kuchuruzika juu ya kitambaa, na Waziri wa Ulinzi na Kumbukumbu akasimama kuhutubia.

"Brigedia huyu," alisema, "hakuwahi kuuliza barabara inakwenda wapi. Hakuwahi kuuliza nani amepanda nyuma. Alikunywa alichopewa. Na siku alipochoka hakuandamana, hakuandika magazetini. Alipasuka kwa ndani, kizalendo. Wangapi kati yetu tunaweza kusema hivyo?"

Watu wakapiga makofi, na bibi mmoja wa itifaki akalia. Brigedia akapewa nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa wa maofisa, mlinzi, na askari wa kumfuta vumbi. Pensheni yake ingepokelewa na Kanali Matimba, kwa kuwa mstaafu hana mikono.

Palitokea jambo moja dogo. Ubavuni mwa injini ile kulikuwa na kampresa, pampu ndogo ya upepo. Breki za lori hilo ni za upepo. Nikaanza kuifungua.

"Unafanya nini?" Kanali Matimba akaniuliza.

"Natoa kampresa, afande. Nitaifunga kwenye injini mpya."

"Huyo ni mpambe wa Brigedia. Mpambe humfuata mkubwa wake. Unamtenganisha mzee na mpambe wake siku kama ya leo? Wewe huna wazee kwenu?"

Koplo Ligola akajikohoza. "Afande, na breki?"

"Koplo, lori hili linatembea mara moja kwa mwaka, mwendo wa bibi harusi. Breki za nini?"

"Za kusimama, afande."

Waziri alikuwa anapita karibu na sahani ya keki. Akageuka. "Kusimama?" alisema kwa sauti ya jukwaani. "Ukombozi hausimami!"

Makofi yakaanza upya. Kabla jua halijazama maneno hayo yalikuwa yamepakwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kambi, na Koplo Ligola hakuuliza tena habari ya breki, kwa sababu sasa lingekuwa swali la kisiasa.

*

Kiwanda kilichotengeneza injini ile kilifungwa kabla sijaota ndevu. Kamati ya Kutafuta Injini ikakaa, ikanywa chai, ikagundua kwamba injini ya ukubwa unaofaa ipo hapo hapo mjini, inavuta maji mtaa wa Matofalini.

Matofalini ni kwetu. Watu wanafyatua matofali, kwa hiyo ardhi imejaa mashimo, na mashimo yamejaa maji ya mvua ya rangi ya chai ya maziwa. Zamani tulikuwa tunayanywa hayo. Kisha watu wakachangishana, wakachimba kisima kirefu, wakanunua injini na pampu. Siku ya kuzindua Mlezi alikuja kukata utepe, akaondoka, na kesho yake tukakuta kibao kimepigiliwa ukutani: ZAWADI YA MLEZI. Tulikiacha. Tulidhani kibao hakinywi maji.

Msimamizi wa pampu alikuwa dada yangu, Bi Chausiku. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake na ugomvi wote wa foleni uliishia kwake. Matofalini mtu hasimami kwenye foleni. Inasimama ndoo. Unaweka ndoo yako, unarudi kuinjika mboga, na zamu yako inakungoja. Ole wake anayesogeza ndoo ya mwenzake. "Ndoo ya mtu ni mtu," dada alikuwa akisema, na aliyebisha alipelekwa mwisho wa foleni hata kama ni mjumbe wa chama.

Walikuja asubuhi, luteni mmoja na askari wake, na mimi nimepakiwa katikati na spana zangu. Injini ilikuwa inanguruma, watu wanachota. Luteni akasimama mbele yake wima, akafungua karatasi.

"Wewe, injini ya dizeli, mkazi wa Matofalini, umeitwa kulitumikia taifa. Una pingamizi?"

Injini ikaendelea kunguruma.

"Amekubali," akasema Luteni.

Dada akajifunga kanga kiunoni. "Mwanangu, unaongea na chuma?"

"Mama, usimvunje moyo kijana."

"Na maji je?"

"Kila mama hulia mwanawe akiondoka. Baadaye huona fahari."

"Nani analia? Nimekuuliza maji."

Luteni akatoa kwenye mkoba cheti chenye nembo ya taifa na kumkabidhi kwa mikono miwili. Kilikuwa kimeandikwa: MAMA WA ASKARI. Dada akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akanitazama mimi.

"Shomvi, mdogo wangu, wewe ndiye fundi. Hiki nikikikamua kitatoa ndoo ngapi?"

"Hongera, mama askari!" akadakia Mama Tunu kutoka kwenye kundi la wachotaji. Mama Tunu alikuwa hana simile. "Lakini mtoto huyu mbona hafanani na wewe? Kafanana na Shomvi, mweusi tii na ananuka dizeli!"

Watu wakacheka, hata askari wawili wakacheka. Siku hiyo mitungi majumbani ilikuwa bado na maji.

Nikafungua boliti.

*

Kuruta lazima apitie mafunzo.

Kwanza akapimwa afya. Daktari wa jeshi alikuja na faili, akapima urefu, akapima uzito, akalitazama gurudumu la nyuma ya injini, lile lenye meno, akaandika: Meno, kamili. Kisha akanyolewa, yaani rangi ya bluu ya pampu ikakwanguliwa yote ikabaki chuma. Kisha akawekwa juu ya stendi katikati ya uwanja wa gwaride, akakabidhiwa kwa Sajenti Nyundo.

Sajenti Nyundo amefundisha makuruta maisha yake yote na hajui njia nyingine.

"Unatetemeka nini?" alikuwa akiiambia injini ikiwaka. "Umeacha mama nyumbani? Hapa hakuna mama! Ongeza moto! Punguza! Ongeza! Nani kakwambia utoe moshi?"

Ikizimika, aliichapa kwa fimbo. Ikiwaka, alisema imeanza kubadilika. Siku ya kiapo waliiwekea bendera juu, Kanali Matimba akasoma maneno, na injini ikatakiwa kuitikia "Naapa" kwa kupigwa resi mara tatu. Mara ya tatu ilikohoa. Mwanasheria wa jeshi aliandika kwamba kiapo ni halali, ila kina mafua.

Yote hayo yalihitaji muda, na muda huo huko Matofalini mahali pa injini palikuwa kiti kitupu. Mitungi ikakauka. Wenye uwezo wakanunua maji ya mkokoteni. Wasio na uwezo wakarudi kwenye mashimo ya matofali. Wakachemsha mwanzoni, lakini kuni nazo zinanunuliwa, na mtoto mwenye kiu hangoji maji yapoe. Mjukuu wa dada, Riziki, akaanza kuharisha.

Makuruta hutembelewa Jumapili. Mama huja na chapati, na mihogo ya kukaanga, hukaa na mwanawe nyasini. Jumapili ile dada alivaa kanga mpya, akachukua cheti chake na dumu dogo la dizeli, akaenda langoni. Mlinzi akasoma cheti. Kilikuwa halali. Akakagua chakula. Akamruhusu.

Nilikuwepo, nabadilisha mafuta. Dada aliketi kwenye kigoda mbele ya injini, akaitazama juu hadi chini.

"Umekonda, baba," aliiambia. "Hawa wanakulisha kweli?"

Sajenti Nyundo alifurahi kweli. Katika miaka yote ile hakuwahi kuona mama mwenye adabu namna hiyo. Akamwagizia chai.

"Afande," dada akasema baada ya kunywa chai, "kuruta wako hupata ruhusa ya kwenda nyumbani?"

"Akishaapa, mama, anapata."

"Huyu kaapa juzi. Basi naomba ruhusa. Siku moja tu kwa wiki. Aje anisaidie kazi ya maji, jioni arudi. Mimi mwenyewe nitamleta."

Sajenti Nyundo akafikiri. Akapekua kitabu cha sheria, akakuta hakuna palipokatazwa. Akampeleka kwa Kanali Matimba, na mimi nikafuata nyuma nikijifanya natafuta ndoo ya mafuta machafu.

Kanali alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Alimwita dada "mama yangu".

"Mama yangu, nikimruhusu atarudia tabia za kiraia. Leo atavuta maji, kesho atataka kuvuta tena. Jeshi limetumia nguvu nyingi kumtoa katika hali hiyo."

"Watoto wanakunywa maji ya mashimo, baba. Wanaharisha. Riziki wangu hasimami."

"Pole sana. Lakini jeshi halihusiki na matumbo."

"Linahusika na nini?"

Kanali akaangalia ukutani palipokuwa na picha ya Mlezi, kana kwamba jibu lingetoka hapo. "Na heshima," akasema.

Dada akainuka. Mlangoni alinipita bila kunisalimia.

*

Siku niliyomaliza kuifunga, injini ya Matofalini iliwaka mara ya kwanza tu. Lori zima likatetemeka. Koplo Ligola akakanyaga klachi, akaingiza gia, magurudumu yakazunguka hewani juu ya majeki. Nilifurahi, sitaficha. Fundi akisikia injini imekubali mahali pageni, hufurahi.

"Zima!" akapiga kelele Kanali Matimba. "Zima haraka!"

Mwanasheria alikuwa amemnong'oneza. Injini ni askari wa chini kabisa, hana hata mwezi tangu aape. Giaboksi ni Meja. Na kila mtu pale karakanani alikuwa ameona kwa macho yake askari wa chini anamzungusha Meja hadharani.

Waziri akaitwa. Wakajifungia mpaka chai ikaisha. Kumshusha cheo Meja haiwezekani, alikuwepo kwenye Ukombozi. Kumpandisha injini mpaka Luteni Kanali kunahitaji miaka ishirini, au ushujaa vitani.

"Vitani," alisema Mwanasheria, "kuna faida nyingine. Risasi zikianza, aliye karibu na moto humsukuma yeyote bila kujali cheo. Kwa hiyo lori linaweza kutembea kihalali likiwa vitani, na likirudi injini itakuwa imeshapanda."

"Basi tunahitaji vita," akasema Kanali.

"Vidogo," akasema Waziri. "Visivyo na gharama."

Wakafungua ramani. Jirani wa kaskazini ni mkubwa mno. Jirani wa kusini anatudai. Jirani wa magharibi ndiye anayetuuzia dizeli. Wakakunja ramani kwa huzuni. Usiwacheke. Ni vigumu kumpata adui mwenye nafasi katika muda mfupi.

*

Adui alikuja mwenyewe, Jumapili.

Dada alikuwa amezuiwa kuingia, kwa sababu askari wake alikuwa "katika maandalizi". Hakubishana. Aliweka ndoo yake chini mbele ya lango la kambi, katikati ya barabara, akaenda kukaa pembeni. Mama Tunu akaweka yake nyuma. Bi Mosi, muuza maandazi, akaweka dumu. Mtaa mzima ukafuata, ndoo kwa ndoo, dumu kwa dumu, foleni ikateremka mteremko wa barabara ya kambi mpaka kwenye kona.

"Injini iko huku," dada alimwambia mlinzi. "Na foleni iko huku. Maji yakianza kutoka mtatuita."

Hawakuimba wala hawakubeba bango. Walikaa kando ya barabara, wengine wanachambua mchele, wengine wanasukana, watoto mgongoni. Ndoo ndizo zilizosimama.

Mlinzi akapiga simu ndani. Nilikuwa ofisini kwa Kanali, nadai saini ya kazi yangu, na sauti ya mlinzi ilisikika chumba kizima.

"Afande, tumezingirwa!"

"Na nani?"

"Na ndoo, afande."

Kanali Matimba aliinuka polepole. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha safi namna ile.

Luteni alitumwa langoni na kipaza sauti. Akazitaka ndoo zitawanyike mara moja. Ndoo hazikutawanyika.

"Ziambie tena, mwanangu," akasema Mama Tunu. "Ile nyekundu ina uziwi."

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Luteni akarudia onyo, akarudi ndani, akaandika kwamba adui amekataa amri na anatoa kauli za dharau. Waziri akatangaza vita kwa simu. Alikuwa kwenye harusi, ilibidi aseme mara mbili kwa sababu ya muziki.

Koplo Ligola alikuja karakanani kuchukua lori. Nilikuwa nimerudi kukusanya spana. Alipanda, akakaa, hakuwasha.

"Fundi, nikiushika ule mteremko, nasimamia wapi?"

"Tumia gia ndogo. Vuta breki ya mkono."

"Breki ya mkono umeiona?"

Nilikuwa nimeiona. Kamba yake ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki nyuzi. Nilikuwa nimemwambia Kanali, na Kanali alikuwa ameniambia habari ya Ukombozi na kusimama.

"Labda watatoka njiani," nikasema.

"Watu watatoka," akasema Koplo Ligola. "Wakiona ndoo zao zinakanyagwa, watarudi." Alikuwa amezaliwa mtaa kama wetu.

Lango likafunguliwa. Lori likatoka polepole kweli, mwendo wa bibi harusi, bendera mbili mbele. Wanawake wakalitazama likija. Hawakuinuka. Matofalini mtu akifika kwenye ndoo ya mwenzake, anasimama.

Ndoo ya dada ilipasuka ya kwanza, ikatoa mlio kama kofi. Ya Mama Tunu ikafuata. Ndipo wakaelewa, na ndipo wakafanya kile alichosema Koplo: wakakimbilia barabarani kuokoa ndoo. Mwenye kuijua bei ya ndoo hatawashangaa. Mteremko ukalishika lori. Injini ya pampu imezoea mwendo mmoja, na Meja hakuitikia gia ndogo. Nilimwona Koplo Ligola akivuta breki ya mkono ikang'oka ikabaki mkononi mwake. Akabonyeza honi. Honi ilikuwa bado inatumikia adhabu yake. Akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele kwa mdomo wake mwenyewe, "Tokeni! Tokeni jamani! Tokeni!" mpaka chini kabisa, ambako barabara inapanda tena na lori likasimama lenyewe.

Nilikimbia nyuma yake mteremko mzima. Sitaeleza nilichokipita.

*

Taarifa ya Kanali Matimba ilisomwa redioni jioni. Adui aliyelizingira lango amesambaratishwa. Injini ilisonga mbele bila kurudi nyuma hata hatua moja. Kwa ushujaa huo amepandishwa kuwa Luteni Kanali, na sasa anaweza kumzungusha Meja wakati wowote, hata wakati wa amani.

Koplo Ligola alishitakiwa kwa kujaribu kusimama mbele ya adui. Ushahidi ulikuwa ile breki ya mkono. Mwanasheria aliinyanyua juu wote waione.

Siku ya Ukombozi ikafika, hali ya hewa nzuri. Mlezi wa Taifa alipanda lori, akashika bomba, akapunga mkono. Kila upande walitembea askari wamebeba magogo yaliyofungwa riboni za rangi ya taifa. Mtangazaji alieleza kwamba ni ishara ya misitu yetu. Lori lilipofika mbele ya jukwaa kuu, magogo yakatupwa chini ya magurudumu, likasimama kwa kishindo, kofia ya Mlezi ikaanguka, na wananchi wakashangilia wakidhani imo katika ratiba.

Waziri wa Ulinzi na Kumbukumbu akahutubia. Alisema vita vya Langoni vitafundishwa shuleni. Alisema, na nayanukuu maneno yake kama alivyoyasema, kwamba ni vita pekee katika historia ya dunia ambavyo havikuligharimu taifa chochote.

Mimi si mtu wa hesabu kubwa. Nilizunguka mtaa nikauliza nyumba kwa nyumba, na hivi ndivyo vilivyotumika.

Ndoo themanini na saba. Madumu arobaini.

Mguu wa kushoto wa dada yangu, Bi Chausiku, kuanzia goti.

Mama Tunu. Alikuwa ameshaiokoa ndoo yake iliyopasuka, akarudi kuchukua ya jirani. Tunu ana miaka minne, yuko kwa bibi yake.

Bi Mosi, muuza maandazi. Alifia hospitali siku ya pili.

Koplo Ligola, miaka saba gerezani.

Injini moja ya maji. Niliiomba irudi baada ya gwaride, nikaambiwa luteni kanali hafanyi kazi ya kuvuta maji.

Na waliokunywa maji ya mashimo, tangu injini ilipoondoka mpaka mvua ilipokuja: Riziki, mjukuu wa dada. Hamadi wa kwa mchoma tanuri. Kulwa, pacha wake Doto yupo. Mzee Fundikira, ambaye alikuwa kipofu na hakujua maji aliyopewa yana rangi gani. Na mtoto wa kike wa kwa Zuhura, aliyekuwa bado hajafikisha siku ya kupewa jina.